Nikisubiri nakosea, nikifanya nakosea

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 22, niko mwaka wa tatu wa stashahada ya uuguzi na ukunga katika chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini. Darasani sina shida. Ukiniuliza najibu, na mtihani wa nadharia sijawahi kurudia hata mmoja. Shida yangu iko wodini, na sasa imefika mahali pa kuninyima usingizi.

Mwezi uliopita nilikuwa zamu ya usiku wodi ya wanawake. Sista mmoja, wanafunzi wawili, vitanda vimejaa na wengine wamelala wawili wawili. Kulikuwa na mama mmoja, rika la mama yangu mzazi, ameishiwa damu, ameandikiwa chupa mbili. Sista akaihakiki ile damu pamoja na mwenzake wa wodi ya jirani, akampima mgonjwa, akaitundika, kisha akaniambia, "Kaa naye hapa, niangalizie." Akaenda upande wa pili kwa mgonjwa aliyekuwa anatapika.

Nikakaa. Zikapita kama dakika kumi, yule mama akasema, "Mwanangu, nasikia baridi." Nikamvutia shuka. Akaanza kutetemeka hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta, akashika kiuno, akasema kinamuuma. Shangazi, nilijua. Hili swali lilikuja kwenye mtihani wetu na nililipata lote. Nilijua mwili unaikataa ile damu na kwamba kitu cha kwanza ni kuifunga. Kile kigurudumu cha kubania mpira wa damu kilikuwa kinaning'inia mbele ya pua yangu. Nikasimama, nikamwacha pale, nikakimbia kumtafuta sista. Upande wa pili hayupo. Kumbe ameenda famasi kuchukua dawa. Nikakimbilia huko. Mpaka tunarudi ni dakika nne au tano, na damu bado inadondoka tone kwa tone.

Sista aliifunga kabla hata hajamwangalia mgonjwa usoni. Akautoa ule mpira, akaweka mwingine wenye maji ya chumvi, daktari akaitwa, chupa ikarudishwa maabara. Namshukuru Mungu, asubuhi yule mama alikuwa amekaa anakunywa uji. Lakini sista aliniuliza mbele ya mwenzangu, "Mikono yako ilikuwa na kazi gani?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Basi nikajiapiza kwamba sitangoja tena kuambiwa. Wiki iliyofuata nikahamishiwa wodi ya upasuaji. Saa 12 asubuhi dada mmoja akaniomba nimsogezee uji alioletewa na ndugu zake, anasema tangu jana jioni hajatia kitu tumboni. Kitandani kwake hakuna kibao chochote cha kumkataza kula. Nikaona hili nalo la kumsumbua mtu? Nikampa, akamaliza kikombe kizima. Saa 2 wakaja kumchukua kwenda chumba cha upasuaji. Upasuaji ukaahirishwa. Mkuu wa wodi akanisimamisha kwenye ripoti ya kubadilishana zamu mbele ya watu wote: "Wewe mwanafunzi, nani kakutuma?"

Sasa Shangazi, nikisubiri nakosea, nikifanya nakosea. Nimerudi kuwa yule yule wa kuuliza kila kitu, hadi wenzangu wananiita "Sista-nifanyeje".

Labda nikueleze na nyumbani. Mimi ni kitinda mimba, wa sita. Uuguzi alichagua baba, fomu za chuo alijaza kaka. Viatu vyangu vya wodini amechagua dada, na hata nikitaka kusuka nampigia yeye aniambie mtindo. Sikuwahi kuona ni tatizo. Lakini mwakani namaliza, na wapo waliotutangulia ambao wamepangiwa zahanati za vijijini, usiku nesi yuko peke yake na taa yake. Nikiwaza hilo nawaza kuacha kabisa.

Je, kufanya maamuzi ni kipaji au mtu hufundishwa? Na nitajuaje lini nifanye na lini niulize?

Wako,
Sista-nifanyeje

* * *

Marahaba mwanangu.

Barua yako ina vikombe viwili vya uji, kimoja cha heri na kingine cha shari, na wewe umevichanganya ukaona ni kosa moja lenye sura mbili. Si kosa moja. Tukivitenganisha, nusu ya jibu lako tumeipata.

Kukibana kile kigurudumu ni kitu gani? Ni kusimamisha. Ukikosea, mama alikuwa anatetemeka kwa baridi ya kawaida tu, sista atakuja, ataangalia, atakifungua, damu itaendelea, na wewe utaonekana mwoga kwa dakika tatu. Uji ukishamezwa haurudi. Kwa hiyo mtu mgeni kazini, na mwaka wa tatu bado ni mgeni, ashike hivi: kitu unachoweza kukirudisha kama kilivyokuwa, na kinampunguzia mgonjwa hatari, fanya kwanza halafu useme. Kitu kinachoingia mwilini, au kinachotoka humo, uliza kwanza. Dawa, chakula, maji, mrija wa mkojo, kanula ya mshipani, vyote hivyo uliza. Lakini kumkalisha mtu anayehema kwa shida, kugandamiza kidonda kinachomwaga damu, kumlaza ubavu anayedegedeka asijepaliwa, kuifunga damu inayomtetemesha mtu, hivyo havina wa kumsubiri. Hakuna sista duniani atakayekuuliza nani kakutuma kumlaza ubavu mtu mwenye degedege. Akikuuliza, niandikie.

Tahadhari moja, maana nawajua wanafunzi. Usije ukaifunga oksijeni ya mtu kwa sababu Shangazi alisema kusimamisha hakuna shida. Oksijeni ni pumzi yake. Kanuni yoyote utakayopewa wodini ina mlango wa nyuma, na kuujua huo mlango ndio kazi yenyewe.

Turudi kwa mama wa damu. Unasema hukuamua. Mbona uliamua? Uliamua kumwacha peke yake, na huo ndio uamuzi mbaya kuliko wote uliokuwa mbele yako usiku ule. Mwenzako alikuwepo humo humo wodini, kwa nini miguu iliyokimbia isiwe yake? Na mdomo ulikuwa nao. Wodini usiku watu wanaogopa kupiga kelele kama wako msikitini. Mgonjwa akibadilika, piga kelele. Mkono mmoja kwenye kigurudumu, mwingine kwenye bega la mgonjwa, na sauti iende kumtafuta sista. Hilo ndilo jibu la swali lake la mikono, hata kwa kuchelewa nenda ukampe.

Ila nisimwachie na yeye. "Niangalizie" si agizo. Uangalie nini? Damu ikianza kuingia, dakika 15 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa, ndiyo maana tunafundishwa kukaa karibu na kumpima tena mgonjwa zikitimia. Muda huo mwanafunzi haachwi peke yake na chupa. Sheria yetu ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa na ana leseni, na usiku ule mwenye leseni pale alikuwa yeye. Najua vitanda vilikuwa vimejaa, najua na yule mwingine alikuwa anatapika. Nimefanya kazi hiyo miaka 31, nami nimewahi kuwaambia wanafunzi "niangalizie" nikaenda zangu. Nilikosea.

Lakini hebu fikiri sekunde tano ungezitumia vipi kabla hajageuka kuondoka. Ungesema: "Sista, akianza kutetemeka au kuumwa kiuno naifunga halafu nakuita, sawa?" Angejibu nini? Angesema sawa, pengine bila kugeuka. Na ile sawa ungekuwa nayo mfukoni. Kitanda kingeanza kugonga ukuta, na wewe ungekuwa na ruhusa uliyopewa dakika kumi nyuma, mko watulivu wote wawili. Nadhani hapa ndipo ulipokwama, wala si kwenye ujasiri. Watu wa nje wakituona tunavyokimbia wanadhani maamuzi ya wodini yanafanyika kwenye mbio. Mengi yanafanyika kabla, mtu amekaa, kalamu mkononi, hakuna anayelia. Kwenye mbio unatekeleza tu kile ulichokwisha kukiamua.

Kwa hiyo kuanzia zamu yako ijayo fanya kitu kidogo. Ukishapokea ripoti, chagua wagonjwa wanne, usijifanye wa wodi nzima, na kwa kila mmoja andika kwenye kikaratasi cha mfukoni: huyu leo anaweza kuharibikiwa nini? Nitakionaje? Nitaanza na nini kabla hajafika mkubwa? Mzee wa kisukari aliyechomwa insulini asubuhi halafu hakula: sukari inaweza kushuka, nitamwona anatoka jasho na kuongea ovyo, nitampima, na akiwa anaweza kumeza natoa taarifa nampa kitu cha sukari. Mama aliyejifungua saa mbili zilizopita: anaweza kumwaga damu, nitafunua shuka niangalie pedi, sitamuuliza tu "mama hujambo", nikikuta tumbo la uzazi limelegea naanza kulisugua huku naita. Halafu mwonyeshe sista hicho kikaratasi, dakika mbili tu. Atakusahihisha mahali. Utakuwa umekosea kwenye karatasi, ambapo hakuna anayeumia.

Nikupe la kwangu. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, wodi ya wazazi, usiku. Kulikuwa na binti mwenye kifafa cha mimba, yuko kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, ameandikiwa sindano kila baada ya saa 4. Saa ilipotimia nikavuta dawa, nikaweka kwenye trei, nikaenda. Mkunga mmoja mzee alikuwa amenizoesha jambo: kabla ya kumchoma mtu dozi inayofuata ya dawa ile, hesabu pumzi, gonga goti, angalia mkojo. Pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Nikahesabu pumzi, 12. Nikarudia, 12. Nikamgonga goti, kimya. Mfuko wa mkojo ulikuwa na kidogo sana tangu zamu ya jioni, hata nusu ya kilichotakiwa haukufika.

Nikaogopa. Daktari mwenyewe alikuwa mkali, na karatasi yake ilisema achomwe. Nikairudisha sindano kwenye trei, nikamtuma mhudumu akamwite. Alifika na usingizi wake, akauliza kwa sauti ya wodi nzima, "Nani kakwambia usimchome?"

Nikamwambia, "Goti lake."

Aliniangalia, akaligonga mwenyewe, akaomba kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima ile magnesiamu ikizidi mwilini. Hatukuzungumza tena habari hiyo. Nakwambia haya ujue sikuwa shujaa, mikono ilitetemeka hadi trei ikawa inalia. Nilikuwa na namba mbili na goti moja. Mtu mwenye namba yake mwenyewe, hata akiwa mwoga kama sungura, ana mahali pa kusimama.

Na hapo nije kwenye jambo linalonikera. Kafungue chati za wodi yoyote uangalie safu ya pumzi. Mzee wa nimonia, 20. Kijana aliyevunjika mguu, 20. Bibi aliyelala hajitambui, 20. Wodi nzima inahema kwa pamoja kama kwaya! Sote tunajua zimepikwa. Joto linapimwa kwa sababu kuna kipimajoto, presha kwa sababu kuna mashine, pumzi inaandikwa kwa sababu kuna kalamu. Wanafunzi mnajifunza kwetu, siwalaumu. Ila ujue kwamba ukiandika 20 bila kuhesabu umejinyang'anya uamuzi mwenyewe. Mgonjwa akianza kuzidiwa, mara nyingi pumzi ndiyo hutangulia kusema. Kaa, shika mkono wake kama unayehesabu mapigo, asijue unamtazama kifua, uhesabu dakika nzima. Ukienda wodi ya watoto ndiyo utaona: mtoto wa miezi minane anayekohoa, pumzi 50 au zaidi kwa dakika tunaita za haraka, akivuka mwaka hadi miaka mitano, ni 40 au zaidi. Tofauti ya 46 na 54 huioni kwa jicho. Unaihesabu, na matibabu ya mtoto yanaweza kubadilika kwa hiyo.

Sasa kuuliza. Wenzako wanakucheka kwa kuuliza, nami sitaki uache. Ninachotaka ubadilishe ni jinsi swali linavyotoka mdomoni. "Sista, nifanyeje?" ni swali lililo uchi, unamkabidhi mgonjwa na akili yako kwa pamoja. Usiulize ukiwa mikono mitupu. Nenda na ulichokiona, unavyodhani, na unachotaka kufanya, halafu muulize kama ni sawa.

Sikiliza simu hizi mbili. Ya kwanza: "Dokta, samahani, mgonjwa wa kitanda cha 7 hali yake si nzuri." Daktari atauliza ana nini, utasema anahema, atauliza presha, utasema ngoja nikaangalie. Ameshakasirika, na wewe umeshaanza kulia. Ya pili: "Dokta, ni mwanafunzi wa wodi ya wanaume, sista yuko kwa mgonjwa mwingine amenituma. Kitanda cha 7, mzee wa miaka 60, yupo siku ya pili kwa nimonia. Asubuhi pumzi zilikuwa 22, sasa ni 34, oksijeni ya damu imeshuka hadi asilimia 86, nimemkalisha, sista amemwekea oksijeni. Nadhani anazidiwa. Tunaomba uje umwone sasa hivi." Nusu dakika haiishi. Hali, alikotoka, unavyoona, unachotaka. Mpangilio huu tumeurithi kutoka kwa mabaharia wa nyambizi za kivita za Marekani, ukaingia hospitalini, na sioni aibu kuuazima, maana chini ya bahari nako hakuna muda wa "samahani".

Kwenye hizo nne, wanafunzi wanaiogopa ya tatu. "Nadhani." Mnaona ni kiburi mtoto kumwambia daktari anavyodhani. Sema. Ukikosea atakwambia kwa nini, na hapo umejifunza jambo ambalo usingelipata kwa kusimama nyuma ya watu kwenye raundi umebeba mafaili.

Uji wa wodi ya upasuaji nao usiuache hivi hivi. Ulifanya haraka kuamua, wala hukosei kutaka kuamua. Mgonjwa alikupa fununu mwenyewe: tangu jana jioni sijala. Kwa nini mtu alale njaa wodi ya upasuaji? Ungemuuliza tu, "Dada, kuna aliyekwambia usile?" au ungefungua faili lake. Chakula chepesi kinatakiwa kipite saa 6 kabla ya usingizi wa upasuaji, maji matupu saa 2, na uji wetu wa lishe wenye karanga ndani si maji hata tukiuchuja mara tatu. Kibao kutokuwepo ni uzembe wa wodi, nalo lingesemwa kwenye ripoti ile ile uliyosimamishwa wewe. Kama hukulisema, ni sawa, ulikuwa na hofu. Lakini kila mgonjwa anayengoja kupelekwa upasuaji utakayemkuta kesho hana kibao, kaandike mwenyewe: ASILE, ASINYWE. Hicho ni kitu cha kufanya kwanza na kusema baadaye.

Umeuliza kama ni kipaji. Hapana. Mwaka 1984 Mmarekani mmoja, Patricia Benner, naye muuguzi, alieleza ngazi tano tunazozipanda, kutoka mgeni wa kazi hadi bingwa. Mgeni anashika kanuni kama mtu ashikaye kamba gizani. Kuanza kuona mwenyewe kipi kitangulie na kipi kingoje, alisema, huja baada ya kama miaka miwili mitatu katika kazi ya aina moja. Wewe hujamaliza hata mzunguko wa wodi. Ukimwona sista anafunga damu kabla ya kumtazama mgonjwa usoni unadhani amezaliwa hivyo, kumbe kuna chupa nyingi nyuma yake, na sidhani zote zilienda salama.

Halafu lipo jambo dogo ambalo watu wanalichanganya na kujitegemea. Kuna wodi ambako mwanafunzi anaachiwa kila kitu, sista amelala chumba cha ndani, nawe unasifiwa "huyu binti anajiamini". Huko ni kutelekezwa. Kitu ambacho hujawahi kukifanya ukisimamiwa, usikifanye peke yako usiku kwa ajili ya kusifiwa. Sema kwa adabu lakini usirudi nyuma: "Sista, hii sijawahi kuifanya mwenyewe, naomba unisimamie, na nikishaiweza usiku huu wote nitakusaidia." Wengi watanyanyuka. Asiponyanyuka, usifanye, na kesho umweleze mwalimu wako wa vitendo. Kukataa nako ni uamuzi, tena kwa mtoto aliyelelewa kutii ni mgumu kuliko kufunga damu.

Zahanati inakutisha, na nisikudanganye, usiku wake ni mrefu. Lakini huko hutakuwa na kazi ya kutibu kila kitu. Kazi kubwa itakuwa kujua mapema nani hapaswi kubaki. Mama mwenye presha 160 kwa 110 anayelalamika kichwa na macho kuona giza hangoji kupambazuke. Unaanza huduma uliyoruhusiwa kuitoa pale, unapiga simu kituo cha afya, unatafuta gari. Nimewajua manesi wa vijijini ambao wakiona mjamzito wanayemtilia shaka wanapanga usafiri wake mchana, jua linawaka, yeye mwenyewe anawashangaa. Nakwambia tena, wanaamua wakiwa wamekaa.

Kuhusu kuacha, sikwambii acha wala usiache. Nikikwambia, nitakuwa baba yako wa pili. Ninachokuomba ni usiamue mwezi huu, ungali na aibu ya ripoti masikioni. Fanya vikaratasi vyako zamu ishirini, kisha ujiulize.

Nyumbani sitachokonoa sana. Kitinda mimba wa watu sita kuamuliwa mambo ni mapenzi, na wengine tulikosa hayo mapenzi tukajifunza kuamua kwa njaa. Dada yako usimgombeze. Ila mkono usiozoea kuchagua kitambaa cha kichwa utazoea wapi, kitandani kwa mtu? Anza na vidogo ambavyo ukikosea utacheka tu.

Na kimoja kipo tayari. Umenieleza habari nyingi lakini sikuona mahali umetaja saa ya mkononi, na ninyi wa siku hizi mnahesabia kwenye simu, halafu ujumbe unaingia katikati ya pumzi ya mgonjwa. Nenda dukani ukanunue saa yenye mshale wa sekunde. Isiwe ya gharama, itaangukia ndoo ya dawa kabla ya mwaka kuisha. Mkanda wa plastiki, unaooshwa. Rangi usimpigie dada.

Shangazi